Siku Niliyomsimamia Espérance

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua, mwanangu, nimekaa kwenye kiti cha saluni ya Mama Régine katikati ya Durban, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama kama nyasi, nasoma kutoka kwenye simu maneno mazuri kumhusu mtu ambaye sikutaka hata kulisikia jina lake.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua sijafika miaka thelathini, na wewe sasa umenipita urefu. Lakini mimi ni mdogo wake mama yako, na kwetu mdogo wa mama ni mama, kwa hiyo neno hilo ni haki yangu hata kama umri haujaniruhusu kutoa nasaha. Nimelifikiria jambo hili wiki nzima, kama kawaida yangu, niandike au ninyamaze. Mama yako ameniambia kwamba rafiki yako Nomvula amechaguliwa kiongozi wa wanafunzi, nafasi uliyoitaka wewe, na kwamba mwalimu amekuomba umtambulishe mbele ya shule nzima, nawe umesema tumbo linauma. Nalijua tumbo hilo. Ndiyo maana naandika.

Wakati ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu, sina kazi, nalala sebuleni kwenu South Beach. Wewe ulikuwa mdogo bado, na ulikuwa nyumbani. Kibali cha mama yako cha kuishi nchini kilikuwa kimeisha muda wake, na kila shule tuliyoiuliza ilitaka kwanza kuona karatasi mpya. Asubuhi watoto wa jengo letu waliteremka na mabegi yao, wewe ukawa unawaangalia dirishani mpaka wapotee kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Kisha uligeuka na kuuliza kama ni likizo yako peke yako.

Hukuwa peke yako. Watoto wengi wa watu wetu mjini humu, Wakongo, Watanzania na wengine tunaoelewana kwa Kiswahili, walikuwa wamekwama vivyo hivyo. Diwani wa kata yetu, mwanamke wa Kizulu asiyependa maneno marefu, alitutumia ujumbe kwamba amechoka kumsikiliza kila mtu kivyake. Kila jumuiya ya wageni ilete mtu mmoja wa kukaa naye kwenye kamati na kusema kwa niaba ya wenzake, na jambo la kwanza mezani litakuwa hilo la shule.

Wanaume wetu walikuwa tayari na mtu wao, Papa Désiré, mwenye sauti nzuri na suti ya kila shughuli, ambaye kila mara huanza kwa kuahidi kwamba atasema kwa kifupi. Miaka yote alikuwa ametuwakilisha mahali pengi, na hatukuwahi kujua alichosema huko. Safari hii akina mama walikataa. Walisema na wao wataweka jina, na Jumapili baada ya ibada watu wote wapige kura katika ukumbi wa kanisa.

Umoja wa akina mama ulikuwa chini ya Mama Régine. Kwao Uvira alikuwa mkuu wa shule ya msingi, directrice kama wasemavyo Wakongo. Hapa alifungua saluni, lakini ile namna ya kumwita mtu kwa jina lake mpaka anyooke mgongo hakuiacha kule. Majina yaliyofika mbele yake yalikuwa mawili: langu na la Espérance.

Wewe unamjua kama Tantine Espé wa zawadi za sikukuu. Mimi nilimjua chuoni, darasa moja, na nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Sikumwonea wivu wa sura wala wa nguo. Nilimwonea wivu wa wepesi. Mimi nikitaka kusema neno moja nalizungusha kichwani mpaka mazungumzo yameshahamia kwingine. Yeye alifungua mdomo tu. Tulipomaliza masomo akapata kazi ya ualimu mara moja, mimi bado natuma maombi. Niliandika ujumbe wa kumpongeza, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaondoa alama ya mshangao kwa sababu ilionekana ya uongo, mwisho nikatuma kitu kikavu kama risiti. Akanijibu kwa sauti yake, anacheka, anauliza nitakuja lini kula kwake. Hapo ndipo aliponimaliza. Angeringa kidogo tu, ningepumzika.

Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, nitalifikia.

Akina mama wakamchagua yeye. Sikuwa na cha kulalamikia kwa sauti. Lakini umoja wao una desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyonileta kwenye kiti cha saluni. Kwao mgombea hajisemei. Mtu mwingine humsimamia mbele ya watu, na huyo anayemsimamia ni yule ambaye jina lake liliachwa. Mama Régine alinieleza sababu yake bila kuzunguka. Wanawake wakishindana wawili, wanaume hukaa pembeni wakingoja wagombane. Aliyekosa akisimama mwenyewe na kumsema vizuri aliyepata, hawapati pa kupenya. Na kabla ya siku yenyewe, msimamizi hupeleka maneno yake kwa mkuu wa umoja ayasikilize.

Basi nikawa nasoma, Mama Régine ananisuka huku anasikiliza. Nilikuwa nimeiandaa hotuba ile kwa siku kadhaa. Nilisema Espérance amesoma sana, na Kiingereza chake ni cha juu hata sisi wengine hutuacha njiani. Nilisema kazi yake katika shule ya matajiri inambana, ndiyo maana hatumwoni sana misibani, ila moyo wake uko nasi. Nilisema bado hajajaliwa mtoto, lakini anawapenda watoto wa wenzake kama wake.

Kwenye benchi alikuwepo Dada Saumu, Mtanzania wa Tanga mwenye duka la simu mlango wa pili, aliyekuja kukimbia mvua. Alisikiliza mpaka hapo, akaweka kikombe chini.

"Samahani, mdogo wangu," akasema. "Huyo unayemsema alifariki lini?"

Mama Régine hakucheka. Chanuo lilikuwa limesimama.

"Rudilia pale pa mutoto," akaniambia.

Nikarudia.

"Iko kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Ndiyo shida. Yote iko kweli, na ukimaliza kusema hakuna mama mumoja atamupa kura." Akanishika shingo kwa vidole viwili. "Na hii shingo. Niko nasuka, niko nasikia. Kila ukifika kwa jina yake, inakuwa mbao."

Nikasema sina wivu na mtu.

"Mbona hapa hakuna aliyetaja wivu?" Dada Saumu akauliza, akaendelea na chai yake.

Nilitamani kuondoka, lakini mtu haondoki saluni na nusu ya kichwa. Nikakaa pale, nangoja kuambiwa kwamba wivu ni dhambi na kwamba niombe toba. Ningelijua jibu la hilo. Nilikuwa nimeshajiambia mara nyingi. Mama Régine akavuta fungu jingine la nywele, akaanza kusuka taratibu. Na alichosema sikuwa nimejiandaa nacho.

"Miye pia ninamuonea wivu. Unafikiri ninafurahi? Hii umoja nimeilea kama mutoto. Sasa mutu wa Diwani akija, atamutafuta Espérance, atanisalimia miye kwa heshima tu, kama bibi mugonjwa. Ile inaniuma, vraiment. Lakini ninajua kitu moja. Wale wanamupenda Espérance, hawamuangalie. Wanamupenda, basi, wanapumuzika. Weye na miye ndio tunamuangalia kila siku. Tunamujua mpaka ndani. Basi, ma fille, Jumapili usimusifu. Sema tu kile kinakuuma."

Alimaliza kichwa changu, akanionyesha kwenye kioo, akaita mteja mwingine.

Sitasema nilitoka pale nimebadilika. Nilitembea mpaka baharini kwenye mvua, nywele mpya zimefungwa mfuko wa plastiki, nikiwaza kama Mama Régine ameniheshimu au amenidhalilisha, na nani mwingine atasimuliwa na Dada Saumu. Jumamosi yote niliitazama ile hotuba kwenye simu. Niliwaza pia, na ninakuambia hili kwa sababu ni la kweli, kwamba nikisoma ile ile hakuna atakayenilaumu. Ilikuwa na kila neno la heshima. Espérance angeanguka, mimi ningempigia makofi ya pole. Wewe ulikuwa umelala kwenye kochi hatua chache kutoka kwangu, mtoto ambaye shule yake ilitegemea kamati ile, na hata hivyo niliwaza hivyo. Wivu una uwezo huo. Unaweza kumpita mtoto aliyelala.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Wanaume nao walikuwa wameweka msimamizi wa Papa Désiré, akasema kwanza, akahesabu kila mkutano ambao mtu wake aliwahi kuhudhuria. Kisha Mama Régine akaniita kwa jina langu lote. Nikasimama na simu mkononi, imefunguka pale pale. Nikamwona Espérance mstari wa mbele, ananitazama kwa tabasamu la mtu asiyeogopa kitu. Hata hilo tabasamu nikalionea wivu. Nikalifunga lile faili.

"Jina langu lilikuwa pamoja na la Espérance, likaachwa," nikasema. "Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Kwa hiyo nitawaambia mambo ninayomwonea wivu, kwa sababu hayo ndiyo ninayoyajua vizuri."

Mtu nyuma akacheka, wengine wakamnyamazisha.

Nikawasimulia kliniki moja tuliyokwenda naye tukiwa wanafunzi, muuguzi akatufokea kwamba wageni wangoje nje. Mimi nilianza kutunga kichwani malalamiko marefu ya kisheria, na mpaka leo sijayaandika. Espérance alimsogelea yule mama, akamsalimu kwa Kizulu, akamuuliza jina la ukoo wake, akamwita kwa lile jina la sifa ambalo Wazulu huitana nalo kwa heshima. Yule mama akashusha sauti, akauliza nani anaumwa. Kizulu hicho alikipata soko la Warwick, kwenye meza ya mboga ya mama yake, wakati mimi nikiona aibu kusalimia wauzaji kwa sababu sijui ngeli zao.

Nikawasimulia darasani kwetu. Mhadhiri alipofundisha jambo gumu sote tulitikisa vichwa kama tumeelewa. Espérance alinyoosha mkono akasema hajaelewa. Darasa zima likashusha pumzi, maana hakuna aliyekuwa ameelewa. Nikawaambia kwamba mtu wa kupeleka mbele ya wakubwa ni huyo, asiyetikisa kichwa kwa jambo asiloelewa, kwa sababu wenye kutikisa vichwa tumeshawatuma sana. Hapo akina mama wakapiga vigelegele, na Papa Désiré akarekebisha tai yake.

Ndipo mzee mmoja wa upande wake akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba haya yote ni mazuri, lakini shida iliyopo ni ya watoto. "Huyu dada yetu hana mtoto," akasema. "Uchungu wa mtoto kukosa shule ataujulia wapi?"

Akina mama waliokuwa wakishangilia wakaangalia magoti yao. Espérance hakusogea, ila tabasamu lilikuwa limeondoka.

Mwanangu, yale yalikuwa maneno yangu. Niliyaandika mimi, yako kwenye simu niliyoishika. Katika simu yalionekana madogo, ya adabu. Kwa sauti ya mzee yule, mbele ya mwanamke anayetazamwa na watu wote, nilisikia ukubwa wake.

"Baba," nikamjibu, "mtoto wa dada yangu yuko nyumbani tangu shule zilipofunguliwa. Mimi ni mama yake mdogo, damu moja. Nimemfikiria sana, kufikiri nakuweza. Espérance ndiye aliyemshika mkono akazunguka naye shule baada ya shule, siku yake ya mapumziko, juani. Kwenye geti moja mlinzi akamuuliza, huyu mtoto ni wako? Akasema, ndiyo, ni wangu. Mtoto alirudi nyumbani akaniambia mimi hayo, anacheka kwa furaha. Na mimi nilikasirika, Baba. Nilikasirika kwa sababu neno hilo lilikuwa la kwangu kulisema, na nilikuwa nimekaa nyumbani nikiwaza. Katika yote ninayomwonea wivu, hilo ndilo kubwa."

Nilikuwa nimepanga kumalizia vizuri zaidi. Nikaishia hapo, nikakaa.

Hilo ndilo jambo baya nililoahidi kulifikia. Sijui kama unaikumbuka siku ile ya geti. Uliimba njiani mpaka mlangoni, na nilipokuuliza mmepata shule ukasema hapana, lakini Tantine alisema mimi ni wake. Ulikuwa umekosa shule na ulikuwa umefurahi. Nilikuchukia kwa dakika chache, mtoto mdogo kama wewe. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini ujue kwamba wivu hufika mpaka huko.

Watu wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na hakukuwa na haja ya kurudia. Yule mzee alinyoosha wake pia, kwa Espérance. Papa Désiré alisimama kumpongeza kwa kifupi, akachukua muda mrefu.

Tulipokuwa tukipanga viti, Espérance akaja kusimama karibu yangu. Alikuwa amelia kidogo, wanja umeshuka.

"Eish, Riziki," akasema. "Miaka yote hii nilifikiri unanichukia tu. Kumbe ulikuwa unaniangalia hivyo?"

"Vyote viwili," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika kiti.

Hukuingia shule kesho yake. Ilichukua muda, vikao vingi, na diwani kuwaita wakuu wa shule kadhaa mezani, wengi wao wanawake pia, na kuwauliza mmoja mmoja sheria gani inamweka mtoto nje ya darasa. Espérance alikuwa amekaa kando yake. Kuna picha ya kikao hicho. Nilipotumiwa niliikuza kwenye simu, si kusoma habari yake, bali kuangalia kama kilemba chake kimekaa upande. Kilikuwa kimekaa sawa. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba ugonjwa ulipona ukumbini. Hata sasa nikimsikia redioni akizungumzia watoto wa wahamiaji, kwanza nasikiliza kama atakosea. Akimaliza bila kukosea, navuta pumzi, ndipo najivunia.

Siku hizi nikiona kwenye televisheni wanawake wameapishwa, waziri huku, jaji kule, mkuu wa chuo kikuu, Pretoria au Windhoek au Lilongwe, watu wa nyumbani huuliza mume wake ni nani, alisoma wapi. Mimi hujiuliza ni nani aliyekitaka kiti kile kile akakikosa, na akasema nini siku alipoulizwa kumhusu mwenzake. Huyo hayumo kwenye picha. Lakini nafikiri, na huenda nafikiri kupita kiasi, kwamba wengi wa waliofika pale, na wengi ambao hawakufika, mambo yao yaliamuliwa na mdomo wa mwanamke huyo.

Sasa sikiliza, mwanangu, kisha nikuache.

Usingoje wivu upone ndipo umtendee Nomvula haki. Utangoja mpaka mmezeeka. Nenda nao ukumbini hivyo hivyo, na tumbo lako hilo. Usijilazimishe kumsifu, maana sifa za kulazimisha zinanuka, na watoto wana pua kali kuliko wazee. Kaa mahali pa utulivu ujiulize ni nini hasa kinachokuuma kwake. Chimba mpaka ukipate, usiridhike na jibu la kwanza kwamba anajipendekeza kwa walimu. Ukikipata utakuta ni kitu chema, kwa sababu hakuna anayeonea wivu uchafu. Kitaje hicho mbele ya watu, kwa jina lake. Hakuna rafiki yake mwingine anayeweza kukisema kama wewe.

Na ujihadhari na maneno ya kweli. Uongo mtu huukamata haraka. Lakini kweli iliyochaguliwa kwa ajili ya kumwangusha mtu hupita kila mlango ikiwa imevaa vizuri, na wewe mwenyewe utalala usingizi ukijiona mwadilifu. Kabla hujasema jambo la kweli juu ya mwenzako, lisikie kwanza kwa sauti ya mtu asiyempenda.

La mwisho, usije ukajisikia vibaya kwa kukitaka kiti. Wasichana tunafundishwa kuona haya kwa kutaka, na tukishaona haya tunawachukia wasioona. Kitake waziwazi. Jina lako likiachwa, lia kidogo, kisha mwaka unaofuata liandike tena.

Mungu akutangulie, mwanangu, asubuhi hiyo utakaposimama mbele ya shule. Akupe sauti inayofika mstari wa nyuma. Akuache na Nomvula mkiwa marafiki, na kama urafiki utagoma, basi mheshimiane. Na siku jina lako litakapoitwa, na litaitwa, akuinulie mtu aliyekuonea wivu kwa miaka mingi, aseme juu yako yale ambayo hata sisi tunaokupenda hatukuwahi kuyaona. Amina.